Tanki Lililokataa Maji

Maji yalikuwa yanadondoka chini ya tela, tone kwa tone, halafu tone likawa uzi, na mimi tangu nizaliwe sijaona maji yanamwagika nikageuza uso. Yote yalianzia hapo. Ningegeuza uso siku ile, Mboje asingeitwa mwizi.

Tela lenyewe ni la kliniki. Linavutwa na Landkruza, lina mlango na dirisha dogo lenye pazia, na ndani mna kitanda, kabati la dawa na sinki ya kunawia. Linakuja kwetu Gorong'a Alhamisi moja, linaruka moja, linakuja tena. Nesi wake ni Jesca, mtu wa Bukoba aliyeletwa huku na serikali, na dereva ni Konstantino. Chini ya sakafu ya tela kuna tanki linalobeba ndoo kumi na mbili za maji, na ubavuni pana mdomo wa kujazia wenye kifuniko cha kuzungusha. Tulikubaliana hivi: wao walete dawa, sisi tulete maji, maana tela likipanda kilima chetu na tanki limejaa, ile gari inalia kama ng'ombe anayezaa; kwingine linakokwenda wana bomba lao, tanki haliguswi.

Kikundi chetu cha akina mama kilimchagua Mboje asimamie maji. Mboje ni Msukuma. Mume wake alifuata dhahabu, naye akapanga chumba hapa kijijini, akawa anawapikia wachimbaji ugali na maharage. Ana punda mmoja na mikono isiyochoka. Kiangazi kile visima viwili vilikauka, kikabaki kile cha pampu, ambacho kinafunguliwa alfajiri na kufungwa saa tatu. Sisi wengine tunafika pale tunapiga miayo. Mboje anakuwa ameshakwenda na kurudi.

Sasa siku ile nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha tela nikipukuchua mahindi, namsubiri Veneranda atoke kwa nesi. Konstantino alikwenda kunywa chai. Nikaona chini ya tela kuna kimpira cheusi, unene wa kidole gumba, kimetoka ubavuni mwa tanki kikaning'inia hadi karibu na ardhi. Ndicho kilichokuwa kinamwaga. Vumbi lilikuwa linakunywa maji tuliyoyapangia foleni usiku haujaisha.

Kwetu chombo chenye kitu ndani hakiachwi wazi. Kibuyu cha maziwa kikisafiri kinazibwa kwa gunzi, na mama mkwe wangu alinifundisha kuchagua gunzi kwa macho: lisiwe nene likapasua shingo, lisiwe jembamba likachomoka njiani. Na mimi pale nina magunzi tele kwenye kanga. Nikachagua moja, nikainama, nikalisukuma kwenye kile kimpira, nikalizungusha mara moja. Maji yakakata. Nikajipangusa magoti, nikarudi kwenye mahindi yangu.

Sikumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba ameziba kibuyu? Jioni tela lilipoondoka nililiangalia likiteremka, halidondoshi hata tone, nikasema moyoni: hata wazee tuna kazi yetu.

*

Zikapita wiki mbili. Alhamisi hiyo Mboje alijaza tanki peke yake kulipopambazuka, akaenda kwenye masufuria yake. Kufikia saa mbili tulikuwa wengi pale uwanjani, wenye watoto mgongoni, wenye mimba, na Veneranda na mguu wake.

Veneranda ni mke mwenzangu. Mzee wetu alikufa miaka tisa iliyopita, akatuachia boma moja na midomo miwili. Ana kidonda juu ya kifundo cha mguu. Kilipoanza kuoshwa na Jesca kilikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, na sasa kilikuwa kimefika kizibo cha soda. Siri yake ni kuosha, alisema nesi. Maji mengi yaliyochemshwa, dawa, bandeji safi, na usikose hata mara moja.

Ilikuwa saa tano hivi, zamu ya Veneranda imekaribia, ameshafungua kitambaa. Tukasikia ndani ya tela bomba linakohoa. Kho, kho, halafu kimya. Jesca akatoa kichwa dirishani.

"Konstantino! Maji!"

Konstantino akaja na simu yake yenye tochi, akazungusha kifuniko cha tanki. Kilipolegea tu, tanki likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Nililisikia kwa masikio yangu. Wote tulilisikia, ila hakuna aliyeliuliza lina maana gani. Bomba likatoa kidogo tena, likamtosha mtoto mmoja aliyeungua, kisha likakauka kabisa. Konstantino akagonga tanki kwa ngumi. Likalia ngo, ngo.

"Tupu," akasema. "Ndoo kumi na mbili zimekwisha hata saa sita haijafika? Nani alijaza?"

Mboje alikuwa anapita na beseni la vyombo. Akaitwa.

"Uliweka ndoo ngapi?" Jesca akamuuliza, taratibu tu.

"Nne."

"Nne?"

"Lilijaa, Sista. Ya tano ilikataa. Ilinirudia usoni."

Christina, mwenyekiti wa kikundi, alicheka kwa pua. Christina si mtu mbaya. Ana ulimi tu ambao Mungu aliunoa pande zote mbili.

"Tanki la kumi na mbili limejaa kwa nne," akasema. "Labda lilikuja na mimba."

Watu wakacheka. Na watu wakishacheka, neno linalofuata halina mlango wa kulizuia.

"Na zile nane ziko wapi, mama?"

"Kwenye maharage!"

"Ndiyo maana mchuzi wake siku hizi ni mwepesi."

"Watu wa kuja hawa. Leo yuko hapa, kesho yuko Geita. Ataona uchungu gani?"

Mboje alisimama na beseni lake. Alituangalia mmoja mmoja, akafika na kwangu. Akasema, "Lilinitapikia usoni. Kama nasema uongo punda wangu afe." Halafu akaona kwamba hata punda haitoshi, akaondoka.

Kisima kilikuwa kimeshafungwa. Jesca akavua glavu, akamwambia Veneranda, "Bibi yangu, nisamehe. Kidonda hiki siwezi kukiosha kwa mate."

Njia nzima Veneranda alikuwa anaongea.

"Yule Msukuma amekula mguu wangu."

"Hujui kama ni yeye."

"Ni nani basi? Ni mimi? Nilikunywa ndoo nane?"

"Ulivyo mchoyo, ungeweza."

"Cheka. Wewe mguu wako mzima, cheka."

 Usafi wa moyo wangu siku ile ulikuwa mkubwa sana. Nilimhurumia Veneranda, nikamhurumia na Mboje, nikajiona mtu mwema katikati yao.

*

Siku zilizofuata Mboje alipata habari yake. Akifika kisimani na punda, foleni inakazana, hakuna pa kuingia. Dumu lake likiwekwa mbele linakutwa nyuma. Christina alisema kikao kikikaa atatolewa kwenye usimamizi, na mwizi wa maji hana sababu ya kubaki hata kwenye kikundi. Nakwambia, kwa mgeni asiye na ukoo hapa, kikundi ndicho ukoo. Ukifiwa ni wao, ukiugua ni wao. Mtu akitolewa humo anabaki na mume anayeingia shimoni na masufuria yake.

Jumatatu ya wiki ya pili akaja kwangu. Alisimama langoni mwa boma mpaka nikamwita.

"Shikamoo, mayu." Kwao mayu ni mama.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Nauliza neno moja. Wewe ni mtu mzima, watu wanakusikiliza. Siku ile ulinyamaza. Unaamini nilichukua?"

"Mimi siamini wala sikatai. Sikuwepo ulipokuwa unajaza."

Hilo ndilo jibu nililompa. Nalikumbuka neno kwa neno, maana nilipolitoa niliona ni la hekima.

"Hakuna aliyekuwepo," akasema. "Ndiyo shida yangu. Namimina, linapokea. Ya pili, ya tatu, linapokea lakini linanguruma. Ya nne linapokea nusu, linatapika nusu. Ya tano likatapika yote, kanga yangu ikalowa mpaka chini. Maji yamesimama mdomoni kabisa, mayu, nayaona hivi. Ningesema nini? Si limejaa?"

"Likanguruma?"

"Kama tumbo la mwenye njaa."

Akaniaga. Veneranda, aliyekuwa kibarazani na mguu wake juu ya kigoda, alimsindikiza kwa macho. "Amejua kutunga," akasema. "Tanki lenye tumbo."

Mimi nikarudi kuosha vibuyu vya maziwa. Nina kimoja chenye shingo nyembamba sana. Nilikizamisha kwenye beseni kijae maji, na kama kawaida yake kikaanza: bwa, bwa, bwa, kinameza funda, kinatema kiputo, kinameza, kinatema. Nimekiosha kibuyu kile miaka arobaini. Siku ile ndipo nilipokisikia. Kilikuwa kinanguruma.

Nikakitoa, nikakijaribu tena. Nikashika shingo mkononi nikiacha tundu dogo tu. Maji yakakataa kuingia. Yalisimama mdomoni kabisa, nayaona hivi, na ndani kibuyu kitupu. Nikalegeza mkono, kiputo kikatoka, maji yakashuka.

Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kitupu kimejaa. Lakini kimejaa: kimejaa upepo, na upepo usipopata mlango wa kutokea, maji hayana pa kukaa. Kibuyu kina mlango mmoja, kwa hiyo vinapishana humo humo kwa kelele. Tanki waliliwekea milango miwili, mmoja wa maji, mmoja wa upepo.

Na mlango wa upepo ni kimpira cheusi, unene wa kidole gumba.

Nilikaa chini pale pale kwenye maji. Veneranda akaniita, "We Mama Heche, umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Mbona umekaa kwenye matope kama bata?"

Nikamwambia. Gunzi, kimpira, kila kitu. Veneranda alinisikiliza mdomo wazi, jambo ambalo katika miaka thelathini na nane ya kuolewa naye boma moja nimeliona mara mbili tu.

"Kumbe wewe ndiye uliyekula mguu wangu," akasema.

"Ndiyo mimi."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Akafikiri, akajikuna juu ya bandeji. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama tuko na mtu wa tatu, "Sasa sikiliza. Alhamisi nenda mapema. Chomoa gunzi lako, tupa porini, kaa kimya. Tanki litajaa, mguu wangu utaoshwa, mambo yamekwisha. Mtu mzima haendi kujivua nguo mbele ya kina Christina."

"Na Mboje?"

"Mboje naye atajaza ndoo kumi na mbili kama watu, wataona ameacha."

Ameacha. Neno hilo lilinilaza macho siku mbili. Kwa sababu ndivyo ingekuwa hasa. Nikichomoa kimyakimya, tanki linapokea yote, na kila mwanamke pale uwanjani atasema: mmeona? Tulipomsimamia, limejaa. Ule wema wangu wa siri ndio ungekuwa shahidi wa mwisho wa kumfunga. Nilimchafua bila kujua, na sasa ningemchafua kwa kujua, kwa mkono ule ule, na chini ya tela lile lile.

Nisiseme uongo, nilipenda shauri la Veneranda. Mimi hapa natajwa kwa utulivu. Wasichana wakigombana wanaletwa kwangu. Watoto wa shule wananiachia ufunguo wa mama zao. Jina la hivyo mtu analijenga polepole sana, na nilijua Christina atanipa jina jipya kabla jua halijazama.

*

Alhamisi tela lilifika asubuhi na mapema, wakaliegesha pale pale. Nilikuwa wa kwanza. Konstantino alikuwa bado anaweka mawe kwenye magurudumu.

"Shikamoo, bibi. Umelala hapa?"

"Marahaba, mura. Endelea na mawe yako." Kwetu mura ni kijana wa kiume.

Nilipiga magoti nikachungulia chini. Gunzi lilikuwepo. Limevimba kwa maji, limekaa kama lilizaliwa humo. Mkono wangu ulifika. Nililigusa kabisa kwa kidole. Konstantino alikuwa upande wa pili, na wenye foleni walikuwa bado mbali, nasikia vicheko vyao vikipanda kilima. Ilikuwa kuzungusha mara moja tu.

Nikatoa mkono, nikainuka, nikaketi juu ya dumu nikawangoja.

Walikuja na maji wenyewe siku hiyo. Christina alipanga: ndoo zibebwe na watu watatu, wahesabu kwa sauti, na Mboje asisogee. Mboje hakuwepo hata wa kusogea. Hakuja.

"Christina," nikamwambia, "mimina wewe mwenyewe."

"Mimi? Mwenyekiti?"

"Wewe. Nataka watu waone mkono wako."

Alinitazama, akaona sicheki. Akakunja kitenge, akaweka lile dumu lililokatwa kitako wanalolitumia kumiminia, akaanza. Moja. Wanawake wakahesabu. Mbili. Tanki likaanza kunguruma. Tatu. Nne ikapokelewa nusu, nusu ikabubujika ikamlowesha mikono. Christina ni mtu wa kushindana. Akainua ya tano, akaimwaga yote kwa pamoja, na tanki likamtapikia kuanzia kilemba hadi ndala.

Nakwambia palichekwa. Hata Jesca alicheka, ameshika mlango wa tela.

"Limejaa kwa nne!" mtu akapiga kelele. "Lina mimba, mwenyekiti!"

Christina alikuwa anajifuta macho. "Halijajaa," akasema, akagonga ubavu wa tanki. Ngo. Akagonga tena. Ngo, ngo. Kicheko kikapungua chenyewe. Wakaanza kuangaliana.

"Mnaona maji yalivyosimama mdomoni?" nikasema. "Yaangalieni hayo hayo."

Nikaingia chini ya tela. Mtu wa umri wangu akiingia chini ya tela, kila mtu anainama kuona kama atatoka. Nikalishika gunzi, nikalizungusha, nikalivuta. Kwanza lilikataa. Lilipochomoka, upepo ukatoka nyuma yake kwa mlio mrefu, fyuuuu, ukanipuliza vumbi usoni, na juu yangu nikasikia maji yakishuka ndani ya tanki kama mtu anayemeza baada ya kwikwi. Wale waliosimama karibu na mdomo wa kujazia walisema, "Yameshuka! Yameshuka yote!"

Nikatoka na gunzi mkononi, nikasimama.

"Hili nililitia mimi," nikasema. "Alhamisi ile ya kwanza, siyo iliyopita. Niliona maji yanadondoka nikaziba. Mboje hakuchukua ndoo hata moja. Aliweka nne kwa sababu tanki lilikubali nne. Nyie mlimwita mwizi, na mimi nilimwambia siamini wala sikatai. Mwizi hayupo. Ni mimi."

 Nilikuwa nimejiandaa kwa vicheko, nilivitaka hata. 

Aliyesema kwanza ni Konstantino. "Bibi! Tanki linapumua! Ukiziba pua ya mtu na mdomo umejaa maji, atafanya nini?"

"Sasa ninajua, mura."

"Ungepasua tanki. Pampu ikivuta na upepo hauingii, kuta zinabonyea ndani, siku moja zinapasuka." Akainama, akakishika kile kimpira kinachoning'inia.  Alipoinuka sauti ilikuwa imeshuka. "Lakini hiki hakikutakiwa kuwa hapa chini. Kina waya wake, kinafungwa juu kabisa, juu kuliko mdomo wa kujazia. Waya ulikatika kule kwenye makorongo, mwezi wa saba. Kikishuka chini ya tanki, maji yakipata mteremko yanajivuta yenyewe, kama mafuta tunavyoyanyonya kwa mpira. Niliona yanadondoka. Nikasema nitafunga kesho."

"Tangu mwezi wa saba?" Jesca akauliza.

"Sista, makosa ni yangu pia."

Akaleta waya, akakipandisha kimpira mpaka juu ya ubavu wa tela, akageuza ncha yake itazame chini, akaifunika kwa kipande cha chandarua, ili nyigu wasijenge humo na mtu yeyote, akasema akiniangalia, asipate kazi ya kufanya. Christina akamimina tena. Ndoo ya tano ikaingia, ya sita, ya saba, taratibu, bila mngurumo, mpaka ya kumi na mbili.

Zamu ya Veneranda ilipofika alioshwa mguu. Kidonda kilikuwa kimerudi nyuma, kimekuwa kama kifuniko cha kopo la maziwa. Jesca alisema kitachukua miezi. Veneranda hakunitazama, ila alipotoka alinipa bega lake la kushikia, na yeye ndiye mwenye mguu mbovu.

Watu wakawa wanarudi kwenye habari zao. Mmoja aliniita Bibi Gunzi. Naona litadumu. Nikamvuta Christina kando.

"Twende."

"Wapi? Nimelowa."

"Kwa Mboje."

"Atasikia tu. Hapa kuna midomo sitini."

"Aliposemwa alikuwepo, Christina. Alisimama na beseni. Sasa anasafishwa hayupo?"

"Wewe ndiye uliyeziba."

"Ndiyo, na mimi ndiye wa kwanza kusema. Wa pili ni wewe. Sikukuambia useme mbele ya watu. Nakuambia useme mbele yake."

Alinung'unika, lakini alikuja. Kitenge kilikuwa kinamshika miguuni.

Mboje alikuwa jikoni kwake, kibanda cha mabati wazi upande mmoja, anachagua maharage kwenye ungo. Alituona tangu mbali na hakusimama. Ana vigoda viwili. Nilipofika alinisukumia kimoja, na cha pili amekikalia yeye. Christina akabaki amesimama.

Nikamweleza. Sikupunguza. Nilimwambia na lile la kwamba nililigusa gunzi leo asubuhi na nikafikiri kulitoa nikanyamaza, na kwamba Jumatatu alipokuja kwangu jibu langu lilikuwa jibu la mtu anayejipenda. Alisikiliza akiwa anachagua maharage. Mawe madogo aliyatupa nyuma.

"Siku kumi na nne," akasema mwishoni. "Mume wangu aliniuliza. Mume wangu, mayu. Kule shimoni walimwambia mkeo anaiba maji ya wagonjwa. Akarudi akaniuliza."

"Nitakwenda kumwambia na yeye," nikasema.

"Utakwenda." Haikuwa swali.

Halafu akanyanyua macho kwa Christina, akangoja. Christina alitazama paa, akatazama punda aliyefungwa nje, akakunja ncha ya kitenge akakamua maji yaliyobaki.

"Nilisema vibaya," akasema. "Nilikuita mwizi na huna wizi."

"Na watu wa kuja?"

"Na hilo nalo. Nilisema vibaya."

Mboje akapeta ungo mara mbili, makapi yakaruka. Alikuwa anafikiri. Uso wake haukufunguka kama nilivyotamani, na sidhani kama ulikuwa na haja ya kufunguka kwa ajili yangu.

"Leo nani amejaza tanki?" akauliza.

"Mimi," akasema Christina. "Ndoo zote kumi na mbili. Mgongo umekatika."

"Basi Alhamisi ile nyingine ujaze tena," akasema Mboje. "Mimi nitakuja kuhesabu."

Akainuka, akampisha kigoda, akaenda kuweka maharage motoni.